Mtoto wa Watu

Hotuba niliyoitoa Amsterdam, jioni ya tarehe 3 Mei, kwenye mkutano wa wazazi na watoto wetu wazungumzao Kiswahili

Wazee wangu, kina mama, kina baba, ndugu zangu mliotoka Tanga hadi Bujumbura, na ninyi wanangu mliokaa mkekani hapa mbele: Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo.

Kesho ikifika saa mbili usiku nchi hii itanyamaza dakika mbili. Tramu zitasimama njiani, watu watasimama barabarani na mizigo yao mikononi. Watoto wetu hufundishwa shuleni sababu yake. Wakirudi nyumbani wakatuuliza, wengi wetu huwajibu kwamba hayo ni mambo ya vita vya Wazungu, kula ukalale. Mimi mwenyewe nilimjibu mwanangu hivyo, na jibu lile nimelijutia. Basi nilipoombwa niseme neno leo, nimeona niseme habari moja tu ya vita ile, Vita Kuu ya Pili ya Dunia: habari ya watoto wa Kiyahudi waliofichwa katika nyumba za watu wa nchi hii, na ya wale waliowafungulia mlango.

Nianzie pale ilipoanzia kwangu. Kwa miaka mingi nimepanda tramu namba 14 kwenda zamu ya jioni, na tramu ile hupita Plantage Middenlaan, mbele ya jengo lenye uso mweupe. Siku moja iliharibika papo hapo, tukashushwa mvua ikinyesha. Nikajibanza mlangoni pa jengo lile, nikachungulia. Kwa mbele ni jumba la heshima kabisa. Ndani, mahali ambapo ungetegemea kuona viti na jukwaa, hakuna paa. Mvua ilikuwa ikinyesha ndani kama inavyonyesha nje.

Pale ni Hollandsche Schouwburg. Lilikuwa jumba la maigizo, watu wakienda kucheka na kuimba. Wajerumani waliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940, na baada ya siku tano nchi ikawa mikononi mwao. Wayahudi wa hapa walikuwa takriban 140,000. Hawakukamatwa siku ile. Kwanza waliandikishwa. Kisha vitambulisho vyao vikapigwa muhuri wa herufi J. Wakafukuzwa kazini, wakazuiwa kuingia bustanini na kwenye bwawa la kuogelea, watoto wao wakatolewa shuleni. Mwezi Mei 1942 wakalazimishwa kushona nyota ya njano kifuani, na Julai mwaka huohuo treni zikaanza kuondoka. Jumba lile la maigizo likageuzwa zizi la kuwakusanyia watu. Zaidi ya 46,000 walipitia pale, wakapelekwa kambi ya Westerbork huku kaskazini mashariki, na kutoka Westerbork hadi kambi za mauaji za Auschwitz na Sobibor, Poland. Wayahudi takriban 102,000 wa nchi hii hawakurudi. Ni kama watatu katika kila wanne.

Nayasema haya haraka kwa sababu nataka tuvuke barabara. Mkabala na jumba lile, hatua chache tu, kulikuwa na nyumba ya kulelea watoto wadogo. Chekechea, tuseme. Ilikuwapo kabla ya vita, ikiendeshwa na mama wa Kiyahudi aitwaye Henriëtte Pimentel. Watoto walipokuwa wanalia na kukimbia huku na huku ndani ya jumba lililofurika watu, Wajerumani walichoka na kelele, wakaamua watoto wakae ng'ambo ya barabara mpaka siku ya safari ya wazazi wao. Hiyo ilikuwa Oktoba 1942. Kwao ilikuwa kupunguza bughudha. Kwa Mama Pimentel na mabinti waliofanya kazi naye, Wayahudi wenzake, wengine wakiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, ilikuwa ni upenyo.

Kila mtoto aliyeingia aliandikwa. Kwa hiyo ili mtoto atoke mlangoni, sharti kwanza atoke kwenye karatasi. Kazi hiyo ilifanywa ndani ya jumba la maigizo na Walter Süskind, Myahudi kutoka Ujerumani aliyewekwa kusimamia mambo ya pale, akisaidiwa na Felix Halverstad. Süskind alikaa na maofisa wa Kijerumani, akanywa nao, akacheka nao, na usiku yeye na Halverstad wakachafua daftari: jina hili likatoweka, hesabu ile ikapungua. Watu waliomwona akicheka nao walimdhania msaliti, na wengine walikufa wakimdhania hivyo.

Sasa naomba kina mama mnisikilize hapa.

Kabla ya yote hayo, mzazi aliulizwa. Mabinti wa chekechea walivuka barabara, wakaingia mle jumbani, wakamwinamia mama na kumnong'oneza: tunaweza kumtoa mwanao, utampa? Hakuambiwa anakwenda kwa nani. Hakuambiwa mji. Hakupewa karatasi. Na jibu lilitakiwa upesi, kwa sababu safari ilikuwa kesho, pengine leo usiku. Wengi walikataa. Walikuwa wameambiwa wanakwenda kufanya kazi mashariki, na mzazi gani atakayemwacha mtoto nyuma kwa watu asiowajua wakati anaweza kwenda naye? Mimi nikijiuliza, sijui ningejibu nini, na sitamruhusu mtu yeyote awalaumu wale waliosema hapana. Wengine walikubali. Wauguzi waliobaki hai wamesimulia kwamba mama aliyekubali kumtoa mchanga wake alipewa mwanasesere aliyeviringishwa blanketi, ili saa ya kupanda gari hesabu ya vichanga mikononi isionekane imepungua. Akatembea na mdoli kifuani mbele ya askari, akimpapasa mgongoni.

Nimekuwa nikiifikiria picha hiyo tangu niisikie. Nitaiacha hapo.

Watoto wakatolewa. Wengine ndani ya begi la mgongoni, wengine ndani ya kapu la nguo chafu, wengine ndani ya gunia la viazi. Mchanga alipewa kitu cha kunyonya asilie. Mlinzi alisimama mlangoni pa jumba la maigizo, macho yake yakielekea chekechea. Lakini tramu ya wakati ule, namba 9, ilipita katikati, na iliposimama ilimziba. Katika dakika hiyo moja binti alitoka na mtoto, akatembea sambamba na tramu akifichwa nayo, au akadandia na kuondoka. Wapo waliosimulia kwamba abiria waliona, wakanyamaza. Kila nikipita pale sasa huwatazama abiria wenzangu na kujiuliza nani angenyamaza.

Jirani na chekechea, bustani kwa bustani, kulikuwa na chuo cha ualimu cha Kikristo. Mkuu wake alikuwa kijana bado, Johan van Hulst. Watoto walipitishwa juu ya uzio wa bustani, wakalazwa darasani mpaka apatikane wa kuwachukua. Siku moja katikati ya mwaka 1943, wakati wa mitihani, mkaguzi kutoka serikalini alikuja chuoni akasikia vichanga vinalia. Akamuuliza van Hulst kama hao ni watoto wa Kiyahudi. Van Hulst hakumpa jibu. Mkaguzi yule, alikuwa mwanamke, akamshika mkono, akamwambia kwa jina la Mungu ajihadhari. Akaondoka zake.

Mama Pimentel alikamatwa Julai 1943, na Septemba akauawa Auschwitz. Tarehe 29 Septemba chekechea ikafungwa. Van Hulst alikwenda siku hiyo ya mwisho akakuta watoto wengi, na alijua kwamba akichukua wengi mno kila kitu kitagundulika, na wale waliokwisha kufichwa watafuatwa. Alichukua kumi na wawili. Aliishi mpaka mwaka 2018, akafa akiwa na umri wa miaka 107, baada ya kuwa mwalimu, profesa na seneta, na maisha yake yote alipopongezwa kwa waliopona aliwarejea wale aliowaacha pale. Süskind hakuiona amani. Alikufa mwaka 1945, baada ya yeye na familia yake kupelekwa mashariki. Kwa njia ile ya chekechea walitoka watoto takriban 600.

Mtoto ametoka. Anakwenda wapi?

Hapa ndipo wanaingia watu ambao majina yao hayako kwenye majengo. Vijana, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu na hasa wasichana, walimchukua mtoto kwa treni kama dada na mdogo wake. Kulikuwa na vikundi kadhaa: wa Utrecht, wa Amsterdam, watu wa gazeti la siri la Trouw, na kikundi kilichojiita NV, yaani "kampuni", ambacho peke yake kiliwapatia nyumba watoto takriban 250, wengi katika mkoa wa Limburg, kwa wachimba makaa wa Heerlen na vijiji vya jirani. Wengine walipelekwa Friesland kwa wafugaji. Jaap Musch, mmoja wa walioanzisha NV, aliuawa Septemba 1944. Hetty Voûte na Gisela Söhnlein wa kikundi cha Utrecht walikamatwa mwaka 1943, wakaishia kambi ya Ravensbrück, na walirudi hai.

Kazi yao kubwa ilikuwa kugonga milango. Wapo waliosema hapana, na mwenye watoto wake wanne ndani na mpelelezi mtaa wa pili ana haki ya kuogopa. Mwingine alisema ndiyo lakini msichana tu. Watoto wangu, nitawaambia kwa nini, na wazee mtanisamehe kwa kulitaja. Sisi wa pwani mvulana ambaye hajatahiriwa humkuti. Kwetu jando ni furaha. Hapa, wakati ule, waliotahiriwa walikuwa karibu Wayahudi peke yao. Mvulana wa miaka mitano akioga mtoni na wenzake, au askari akimwamuru ashushe suruali, basi mwili wake mwenyewe umemtaja. Ndiyo sababu wavulana waliwekewa sheria ngumu: usioge na mtu, usiende haja na mtu.

Waholanzi wana neno lao kwa kujificha huku, onderduiken, kupiga mbizi. Mtu amezama, juu maji yametulia. Wayahudi zaidi ya 25,000 walizama, watoto kwa wazazi, na maelfu yao walikamatwa hata hivyo. Mtoto aliyezama alipewa jina jipya. Aliyekuwa Sara akawa Sientje. Wenye nywele nyeusi wengine walipakwa dawa zigeuke za njano. Alifundishwa kusali mezani kama wenyeji, kupiga ishara ya msalaba akiwa Limburg, kuimba zaburi akiwa Friesland. Na alifundishwa hadithi: mimi natoka Rotterdam, nyumba yetu ilipigwa bomu. Rotterdam ilikuwa imepigwa kweli Mei 1940, maelfu wakabaki hawana makazi, kwa hiyo hadithi ile iliwezekana.

Mlezi naye alikuwa na hesabu zake. Wazee mliokuwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 mnakumbuka foleni za sukari na sabuni. Hapa kila kitu kiligawiwa kwa kuponi: mkate, siagi, nyama, hata viatu. Mtoto asiyekuwamo kwenye daftari hana kuponi. Midomo sita inakula chakula cha watu watano, na duka la kijijini linajua idadi yenu. Mama mmoja wa Winterswijk, Helena Kuipers-Rietberg, aliyejulikana kwa jina la Shangazi Riek, aliungana na mchungaji Frits Slomp kuanzisha mtandao wa nchi nzima wa kuwasaidia waliozama, na vijana wenye silaha wakavamia ofisi za mgao kuiba kuponi ili ziwafikie. Shangazi Riek alikamatwa, akafia Ravensbrück.

Na bei ya mtu ilikuwa inajulikana. Mwaka 1943 kikundi cha Waholanzi walioajiriwa kuwinda waliojificha kililipwa guilder 7.50, fedha ya hapa ya wakati ule, kwa kila Myahudi. Kilitoa maelfu, watoto wakiwamo. Jirani akikuchukia kwa ajili ya mpaka wa shamba, anajua pa kwenda.

Kwa hiyo walikuwa watu gani hao waliokubali? Nimetafuta jibu la kuwapa, na nawaambia ukweli kwamba walitofautiana. Haarlemmermeer, hapo karibu na uwanja wa ndege tunaposhukia sote, alikuwapo mkulima Johannes Bogaard, mtu wa Biblia, asiye na elimu kubwa. Aliingia Amsterdam mwenyewe kuwachukua watu, akawaweka shambani kwake na kwa ndugu zake, watoto wengi miongoni mwao. Jumla yao ni takriban 300. Nyumba ilivamiwa mara kadhaa na baadhi ya jamaa zake walikamatwa wakafia kambini. Katika kijiji cha Nieuwlande, Drenthe, Johannes Post na Arnold Douwes waligonga nyumba hata nyumba, mpaka ikawa karibu kila kaya ina mtu wake aliyezama, na hapo hakuna wa kumsaliti mwenzake maana kila mmoja ana siri ileile. Msichana Marion van Binsbergen, ambaye baadaye alijulikana kama Marion Pritchard, aliona watoto wa kituo cha Kiyahudi wakirushwa kwenye lori kama mizigo, na kuanzia siku hiyo hakuwa yule wa jana. Alikwenda kuandikisha vichanga vya watu kama watoto wake aliozaa nje ya ndoa. Mnajua msichana wa heshima kujitwika aibu hiyo, na kwa nchi ya wakati ule, maana yake nini. Akaishi kijijini na baba mmoja na watoto wake watatu, wakiwa na shimo chini ya sakafu. Usiku mmoja upekuzi ulipita salama, lakini watoto walipokwisha kutolewa shimoni, polisi wa Kiholanzi akarudi ghafla peke yake. Marion alikuwa na bastola ndogo rafuni. Alimpiga risasi. Mzika maiti wa kijiji alimsaidia kumficha polisi yule ndani ya jeneza la mtu mwingine.

Wengi walipoulizwa miaka ya baadaye kwa nini walifanya walivyofanya, walishindwa hata kulielewa swali. Mtoto alikuwa mlangoni, sasa ulitaka tufanyeje?

Lakini sitaki kuwaudhi wale waliofichwa kwa kusema uongo mtamu. Si kila nyumba ilikuwa ya huruma. Wapo watoto waliopigwa, waliofanyishwa kazi kama punda, wapo mabinti waliofanyiwa maovu na watu ambao hawangeweza kuwashtaki kokote. Wapo waliohamishwa nyumba kumi na zaidi, kila mara kwa jina jipya, mpaka wakaacha kumwita mtu yeyote mama. Mlango ulifunguliwa, ndiyo. Ndani ya mlango yalitegemea moyo wa mwenye nyumba.

Kuna ndugu zetu humu ukumbini ambao hawahitaji kuelezwa haya na mimi. Wametoka Rwanda, wametoka Burundi, wametoka mashariki ya Kongo. Wapo wanaojua kukaa juu ya dari mchana kutwa huku majina yanasomwa nje kwa redio. Nimemwomba mmoja wao ruhusa ya kulitaja hili, naye akaniambia, sema, ila usinitaje. Nimesema.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nikubali kusimama leo.

Tarehe 5 Mei 1945 Uholanzi ikakombolewa. Watoto waliosajiliwa baada ya vita kuwa walilelewa na watu wengine walikuwa takriban 3,500. Waliopata angalau mzazi mmoja hawakufika nusu. Takriban 2,000 walibaki hawana baba wala mama. Serikali iliunda tume ya kuamua hatima yao, na mwenyekiti wake akawa Gesina van der Molen, mwanamke shujaa wa upinzani dhidi ya Wajerumani ambaye mwenyewe alisaidia watoto kutoka chekechea ile. Na mawazo aliyoingia nayo, yeye na wenzake, yalikuwa haya: mzazi asiyejitokeza ndani ya mwezi mmoja baada ya ukombozi anaweza kupoteza haki ya mtoto wake, na tume itaamua. Mwezi mmoja! Watu walikuwa bado wanatembea kwa miguu kutoka Poland. Wazo lao lilikuwa kwamba mtoto ameshazoea, ameshabatizwa, anawapenda walezi wake, kwa nini aumizwe tena? Wayahudi waliobaki, wachache na waliovunjika, wakalia: mmewaokoa watoto wetu kutoka kwa waliotaka kutumaliza, sasa mnatumaliza kwa upendo? Mabishano yalichukua miaka. Wengi wa yatima hatimaye walilelewa na watu wao. Mamia walibaki kwa walezi. Na ipo kesi ya msichana mmoja ambaye walezi wake Wakatoliki walimficha tena, safari hii asipatikane na jamaa zake wala mahakama, mpaka akawa mtu mzima.

Sisi tuna neno amana. Ukiachiwa kitu na mwenzio anayesafiri, hata asipokuandikia, hata akichelewa miaka, kile si chako. Unakitunza kuliko chako kwa sababu si chako. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, ndivyo tunavyosema, na mimi siipingi methali hiyo, ila nimeona hapa kwamba kuna kazi ya tatu, na ndiyo iliyowashinda hata mashujaa.

Naijua kidogo, kwa njia ndogo isiyolingana kabisa na habari hii. Mimi nililelewa na shangazi yangu, Tanga, tangu nina mwaka mmoja na nusu. Mama yangu alikwenda kutafuta maisha. Aliporudi kunichukua nilikuwa na miaka tisa. Nilimkimbia. Nilikwenda nikajificha nyuma ya pipa la maji uani, nikashika ukingo wake kwa mikono miwili, nikapiga kelele kwamba mimi simjui mwanamke yule. Shangazi hakuwa na mtoto mwingine. Angeweza kusema neno moja tu, "mwache," na mama angeondoka. Alikuja nyuma ya pipa akachuchumaa. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa picha ndogo iliyokunjamana, akanionyesha. Ilikuwa picha ya mama amenibeba. Miaka yote ile ilikuwa pale kiunoni kwake na sikuwahi kujua. Kisha akaanza kunivua vidole kwenye lile pipa, kimoja kimoja.

Ndiyo maana, katika habari zote za walezi wa nchi hii, zinazonishika ni zile za waliotunza jina. Kulikuwa na walezi waliomwambia mtoto kila usiku taa ikishazimwa: mchana wewe ni huyu, lakini jina lako la kweli ni lile, na mama yako ni fulani. Ilikuwa hatari, maana mtoto mdogo hupayuka. Walifanya hivyo. Na mama wa kweli alipotokea mlangoni mwaka 1945, amekonda, nywele zimenyolewa, na mtoto wa miaka mitano akamkimbilia mlezi na kujifunika kwa aproni yake, mlezi aliyetunza jina alikuwa na kitu cha kumwambia. Wengine walipakia nguo za mtoto, wakamsindikiza mpaka kituoni, wakarudi kwenye nyumba yenye kiti kimoja kitupu, na hakuna aliyewapa pole. Pongezi zilikuja baadaye sana. Israeli ilianza mwaka 1963 kuwatambua watu wa namna hii kupitia Yad Vashem, taasisi yake ya kumbukumbu ya mauaji yale, na Waholanzi waliotambuliwa wamekaribia 6,000, wa pili kwa idadi baada ya Wapoland. Nishani yao ina maneno ya wahenga wa Kiyahudi kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa ulimwengu mzima. Ndugu zangu Waislamu mnayajua maneno hayo kutoka Sura ya Al-Maida, aya ya 32, na aya yenyewe inasema waliandikiwa Wana wa Israili.

Naona mwenyekiti anatazama saa, nitamaliza na mipango ya kesho.

Tutakutana saa kumi na mbili jioni kituo cha tramu cha Artis, wenye watoto wadogo waje na makoti. Tutaanzia mbele ya chuo kile cha ualimu, ambacho tangu Machi 2024 ni makumbusho ya taifa ya mauaji yale. Itakuwa imeshafungwa saa hizo, lakini nataka watoto wasimame kwenye njia ya tramu, wapime kwa macho yao umbali kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Watakaopenda kuingia, tutapanga Jumamosi nyingine. Ndani kuna vifungo kumi vya nguo vilivyofukuliwa Sobibor, na mimi sikuweza kupita pale upesi. Kisha tutatembea hadi Weesperstraat, kwenye ukuta wa majina. Kila tofali ni mtu mmoja, jina lake, tarehe aliyozaliwa, na umri wake. Matofali ni zaidi ya 102,000. Kila mtoto wetu atatafuta tofali la mwenye umri kama wake, asome jina kwa sauti. Wa miaka saba wapo. Wa miaka mitatu wapo. Kuna yanayosema sifuri.

Majina ya Kiholanzi ni magumu kutamka, mnalijua hilo. Tutasaidiana. Saa mbili kamili tutanyamaza.